Siku Nilipokuwa Mjerumani Mbele ya Mama Mkwe

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko sokoni Mugumu habari hii imeshatiwa chumvi mpaka nasikia eti siku hiyo nilikuwa nimepanda punda. Sikuwa na punda. Nilikuwa kwa miguu yangu, ndani ya suruali niliyoishona kwa mikono yangu (kwenye suruali tutafika), na aibu niliyoipata ilinitosha bila msaada wa mnyama yeyote. Mpaka leo nikipita Morotonga watoto wa shule wanasimama wima wananipigia saluti, "Bwana Mkubwa!", nami napita nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, wateja wananifuata hapo hapo, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye kamba ya nguo na kurudi. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wengine wako machimboni Tarime, wengine wako minadani na ng'ombe, mimi niko na kuku saba ambao nadhani wananiona ni kuku mwenzao mkubwa kidogo. Wazee wa hapa wamenisema mpaka wamechoka. "Mura," yaani kijana, "mwanaume gani anakaa nyumbani kama jiko?" Nawajibu kwamba jiko halijawahi kumfuata mtu, watu ndio hulifuata lenyewe. Wanaondoka wanatikisa vichwa.

Mke wangu Rhobi ni mwalimu wa historia wa sekondari ya kata. Mimi historia kwenye cheti changu nina F. Sasa mtu mwenye F ya historia kumuoa mwalimu wa historia, hiyo peke yake ni historia, na yeye ananikumbusha kila tukigombana.

Lakini nikisema kweli, laiti ningefundishwa na Rhobi nisingepata ile F. Sisi tulikuwa tunanakili ubaoni, mwalimu anaandika tunaandika, tarehe juu ya tarehe, na kengele ikilia tunafunga daftari pamoja na akili. Rhobi hafanyi hivyo. Yeye anagawa darasa, kila mwanafunzi anapewa kadi. Wewe ni mfanyabiashara umetoka pwani, wewe ni mtemi mwenye njaa nchini kwako, wewe ni mama mwenye watoto wawili na mume yuko malishoni; tatizo ni hili, amua. Halafu wanaamua. Wanabishana, wanasalitiana, wanapatana, na mwisho wanakaa chini wanaulizana kwa nini waliamua vile na watu wa zamani waliamua nini. Jioni ananisimulia huku mimi napiga pasi, na wallahi nimejifunza historia nyingi zaidi kwenye meza ya pasi kuliko miaka minne ya dawati.

Tatizo ni kelele. Walimu wa madarasa ya jirani walilalamika. Mzazi mmoja naye alikuja shuleni kuuliza kwa nini binti yake amerudi nyumbani analia kwamba ameuzwa utumwani na rafiki yake wa karibu kwa shanga tatu. Mkuu wa shule, mzee mmoja mwenye subira lakini mwenye mtihani wa kidato cha pili kichwani, akamwita Rhobi ofisini akamwambia hivi: Jumatano nitakuja kukaa mwenyewe, na wazazi waalikwe, nikiona ni somo nitakuachia, nikiona ni vurugu unarudi kwenye chaki na ubao na hatutaongea tena habari za kadi.

Rhobi hakuniambia kwamba anaogopa, lakini mimi namjua. Akiogopa anasahihisha madaftari ambayo ameshayasahihisha.

Mada ilikuwa utawala wa Wajerumani, jinsi watu walivyolazimishwa kubeba mawe ya kujengea boma. Aliyepangwa kuwa mkuu wa boma ni mlinzi wa shule, mtu mrefu mwenye sauti ya ngurumo. Jumatatu jioni mlinzi jino likamvimba, shavu likawa kama andazi, sauti ikabaki ya kunong'ona.

"Baba Ghati," Rhobi akaniambia (Ghati ni binti yetu, yuko darasa la kwanza), "nakuomba kitu kimoja tu mwaka huu."

"Kama ni kutoka nyumbani, omba kingine."

"Unasoma amri, unakaa kwenye kiti. Dakika tano. Wanafunzi siwezi kuwapa nafasi hiyo, wataona haya kuwaamrisha wazazi wao."

Nikamtazama. Daftari alilokuwa ameshika lilikuwa na alama za kalamu nyekundu mara mbili, moja juu ya nyingine. Nikasema sawa. Ila nikaweka sharti, na sharti hilo ndilo lililonimaliza: nikasema nitakuja nimejificha, mtu yeyote asinitambue, maana siwezi kusikia tena barazani kwangu habari za fundi aliyetoka nje siku moja akawa Mjerumani. Kumbe kama ningekwenda na uso wangu wa kawaida nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Usiku huo sikushona, lakini Jumanne nilishona mchana kutwa. Nilikuwa na mabaki ya kaki ya sare za shule. Shati lilitoka vizuri sana, mabega yamesimama, mifuko minne. Kofia nikaiwekea kitambaa cha kufunika shingo. Suruali, kitambaa kikapungua kidogo. Angekuwa mteja ningemwambia akanunue nusu mita nyingine. Kwa kuwa ni mimi, nikajiambia nitapumua kwa kiasi. Masharubu nikayatengeneza kwa pamba ya mto, nikayapaka masizi, nikayabandika kwa uji mzito wa ngano. Mwisho nikaazima miwani nyeusi ya jirani yetu Mwita anayeendesha bodaboda.

"Miwani ya nini?" Rhobi akauliza asubuhi ya Jumatano. "Utaona kweli?"

"Kazi ya Mjerumani si kuona," nikamwambia. "Ni kuonekana."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo, nami nikajiona shujaa.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze habari ya mkwe, kwa wale wa kutoka mikoa mingine waliokuja huku kwa ajili ya dhahabu na hawajui mambo yetu. Huku kwetu mwanaume na mama mzaa mke wake ni watu wa kukwepana. Si ugomvi, ni heshima. Humpi mkono, huli naye, humtazami usoni, jina lake hulitaji (hata hapa mtaona nazunguka, sitalitaja). Mama mkwe wangu anaishi Busawe, na kwa miaka tisa kila alipokuja kututembelea, nikisikia sauti yake tu mlangoni mimi natokea mlango wa nyuma, namwamkia nikiwa upande wa pili wa ukuta, "shikamoo mama," naye anajibu "marahaba" akiwa ameelekeza uso kwingine, basi, mazungumzo yetu ya mwaka mzima yameisha. Sauti yake naijua kuliko uso wake. Na nilijua, kwa kuambiwa na watu wasioombwa, kwamba hakufurahi sana binti yake msomi kuolewa na mtu wa sindano.

Mimi sina habari, kumbe asubuhi ile ile mama huyo ameshuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu na mfuko wa ulezi wa uji wa Ghati. Akakuta kumefungwa. Nyumba ambayo miaka tisa haijawahi kufungwa mchana! Akauliza kwa jirani, akaelekezwa, akatembea mpaka shuleni kumfuata Rhobi ampe ufunguo. Alipofika uwanjani Rhobi alikuwa upande wa ofisini anamtafutia mkuu wa shule kiti chenye miguu minne mizima. Wanafunzi wakamwona bibi amesimama peke yake, wakamkimbilia. "Bibi karibu! Kijiji chetu hakina bibi!" Wakamkalisha ndani ya duara la chokaa, maana kila nyumba ya kijiji ilikuwa imechorwa chini kwa duara, wakamsomea kadi yake, wakamweleza sheria: ukishaingia kwenye nafasi yako hutoki mpaka mwalimu apige filimbi. Yeye akakubali, akajifunika kanga kichwani kwa sababu ya jua, akalaza paji la uso kwenye magoti. Alikuwa amechoka na njia.

Ngoma ikapigwa. Nikaingia.

Ndugu zangu, sijawahi kuingia mahali watu wote wakanyamaza. Mimi ni mtu ambaye nikikohoa hata kuku hawageuki. Lakini pale, na lile shati lenye mabega, na wanafunzi wawili nyuma yangu wameshika fimbo kama bunduki, kijiji kizima kilisimama kikanitazama, wazazi kwa wanafunzi, zaidi ya watu mia, na nikafungua karatasi nikasoma amri: serikali inataka wapagazi arobaini wabebe mawe kabla jua halijazama, atakayekataa atafungwa. Sauti ikatoka, sauti ambayo sikujua ninayo! Ikagonga ukuta wa darasa ikarudi. Nikaipenda.

Kwa mpango wa Rhobi, hapo nilipaswa kukaa kwenye kiti. Kijiji kipewe dakika kumi kijadiliane, kitoe watu, au kijifiche, au kipigane, au kihame, halafu kije kinijibu. Hapo ndipo lilipokuwa somo lenyewe. Kiti changu kilikuwa tayari, kivulini, nakiona. Lakini nani anakaa na sauti kama ile? Nikaanza kuzunguka kijiji. "Wewe mgongo huo ni wa mawe makubwa!" Watu wanacheka, wengine wanaogopa kweli. "Wewe nyoosha shingo!" Naona kwa pembeni mkuu wa shule anaandika kwenye daftari lake, nikadhani ananisifu.

Ndipo nikafika kwenye duara moja ambalo watu wote wamesimama isipokuwa mwanamke mmoja aliyekaa chini amejifunika kanga.

Kwa miwani ile niliona kitu kama kichuguu chenye maua.

"Wewe kikongwe!" nikanguruma. "Hujui kusimama mbele ya serikali? Nani alikuzaa akasahau kukufunza adabu?"

Wanafunzi wangu wa bunduki wakachekelea. Kadi yangu ilisema nisimguse mtu, nami ni mtu wa kufuata sheria, kwa hiyo sikumgusa. Nilinyoosha fimbo, nikaingiza ncha yake chini ya pindo la kanga, nikaifunua kanga yote ikaanguka mabegani.

Akainua uso taratibu, akasema, "Kijana, hawa watoto wameniambia tunacheza. Lakini hata kwenye mchezo, mtu hamfunui kichwa mama wa watu."

Ile sauti.

Miaka tisa ya "marahaba" ukutani. Yeye bado hajanijua, ananitazama tu, na angeendelea kutonijua kama mimi ningekuwa na akili, lakini mimi ili nihakikishe (kuhakikisha nini, sijui) nikavua miwani. Na jasho lilikuwa limeshalegeza uji wa ngano. Sharubu la kushoto likadondoka, la kulia likabaki linaning'inia.

Tukatazamana. Mama mkwe wangu na mimi. Uso kwa uso, mchana, mbele ya wazazi, walimu na serikali ya wanafunzi.

"Ayee!" akasema, akavuta kanga akajifunika uso mzima, akageuka.

Nami nikafanya kile mwili wangu unachojua kufanya mbele ya mkwe: nikageuka haraka nikampa mgongo. Katika kugeuka miwani ikaniponyoka. Miwani ya Mwita, ya watu. Nikainama niiokote.

Fundi yeyote atawaambia kwamba kaki ikishonwa kwa kubana haichaniki kidogo kidogo. Inapasuka kwa mkupuo, na inapasuka kwa sauti. Mshono wangu mwenyewe, niliousifu mwenyewe, ulifunguka kutoka mkanda wa nyuma mpaka nisipotaja, nami nimeinama, nimempa nani mgongo? Mkwe. Namshukuru Mungu alikuwa ameshajifunika. Namshukuru kila siku, na sitauliza kamwe kama kanga ile ni nyepesi.

Nikakimbia. Sikuamua kukimbia, nilijikuta tu nakimbia, mkono mmoja nyuma, mkono mmoja umeshika kofia, askari wangu wawili nao wakadhani ni sehemu ya mchezo wakakimbia pamoja nami, kijiji kizima kikaripuka, "Mjerumani kakimbia! Mjerumani kakimbia!", akina mama wanapiga vigelegele, ngoma ikaanza bila kuambiwa, nikaona mlango wa stoo ya jikoni uko wazi nikaingia nikausukuma nyuma yangu, nikakaa juu ya gunia la mahindi gizani na sharubu moja.

Stoo ile ina kidirisha cha wavu juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia shangwe. Halafu nikasikia shangwe ikifa, na kiti kikisogezwa, na sauti ya mkuu wa shule.

"Mwalimu Rhobi. Ndiyo historia hii? Kwenye mtihani wataandika kwamba Wajerumani waliondoka nchini kwa kumwona bibi mmoja?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri.

"Hapana, mwalimu," Rhobi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Naijua hiyo. "Ni... kumetokea jambo la kifamilia."

"Nimeona. Naona tupige filimbi, wazazi wapewe chai, Jumatatu turudi ubaoni."

Nikashika kichwa. Kazi ya mke wangu ya miaka mitatu, kadi zake zote alizoandika kwa mkono huku mimi nikimkatia makasha ya sabuni ya unga, imekufa kwa sababu mumewe hakukaa kwenye kiti. Nilitaka nitoke nikaseme ni kosa langu, na nilipoinuka suruali ikanikumbusha hali halisi, nikakaa.

Ndipo nikasikia ile sauti tena.

"Mwanangu, hiyo filimbi umeshaipiga?"

"Bado, mama," Rhobi akajibu.

"Basi usipige. Hawa watoto wameniambia mtu hatoki kwenye nafasi yake mpaka ipigwe. Mimi bado ni mwenye nyumba kijiji hiki, na yule aliyeko kule stoo bado ni mkubwa wa boma. Nina maneno naye."

Nyayo zikaja. Kanga inaburuzika. Akafika mlangoni, lakini hakuusukuma. Nikasikia akikaa chini kwa kuguna, mgongo wake ukaegemea ubao wa mlango kwa nje. Na mimi, kwa ndani, nikashuka kwenye gunia nikakaa nikampa mlango mgongo. Mlango katikati. Hapo nilielewa alichofanya mama yule. Mlango umefungwa, hakuna anayemwona mwenzake, na anayeongea si mkwe bali ni mwanakijiji. Hakuvunja kitu.

Kijiji kizima kikamfuata kimya kimya kikakaa uani.

"Bwana mkubwa," akaanza. "Unataka watu wa kubeba mawe. Bibi yangu alibeba. Alikuwa msichana, amevunja ungo juzi. Walikuja asubuhi wakati wanaume wako malishoni, kama ulivyokuja wewe leo. Alikuwa anasonga ugali. Aliniambia kilichomuuma kuliko jiwe ni kwamba aliuacha ugali motoni, na njia nzima akawa anafikiri utaungua, na wadogo zake watakula nini. Alibeba jiwe kichwani mpaka boma, akarudi siku ya tatu, na sehemu ile nywele hazikuota tena. Mimi nilikuwa namsuka. Nilikuwa nazunguka pale penye upara, sisemi kitu. Ndiyo maana leo uliponifunua kichwa nimekukasirikia."

Mimi nilikuwa nimeshavua kofia, sijui saa ngapi.

"Sasa nikuulize. Wewe nani alikutuma?"

Ilinibidi nijibu. Miaka tisa sijawahi kumwambia mama yule sentensi yenye maneno zaidi ya mawili. Nikakumbuka kadi yangu. "Nimeagizwa kutoka juu," nikasema. "Nisipopata arobaini, naadhibiwa mimi."

"Na aliyekuagiza, yeye ameagizwa na nani?"

"Wa juu yake."

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa. Kila mtu ametumwa."

Kadi yangu haikufika huko. Binti mmoja wa kidato cha pili akasema kwa sauti, "Bwana mkubwa, ungekataa ingekuwaje?" Mwingine akamjibu kabla yangu kwamba angeletwa mwingine. Mwingine akasema basi bora huyo anayekimbia. Mvulana mmoja wa bunduki akauliza na wale askari waliokuwa Waafrika, wao je, walitumwa au walitaka? Mama mmoja mzazi akasema babu yake alikuwa askari huyo, na nyumbani kwao hawalisemi jambo hilo. Nikasikia kalamu. Nikasikia watu wakibishana bila kelele, kwa zamu, namna ambayo Rhobi huwa ananielezea kwenye meza ya pasi nikawa nadhani anaongeza. Na katikati ya sauti hizo nikasikia ya mkuu wa shule, si ya ukuu, ya mtu tu, ikimuuliza mama mkwe, "Mama, bibi yako alikuta wadogo zake wamekula?"

"Jirani aliwapa," mama akasema. "Huyo jirani naye watu wake walikuwa wamechukuliwa."

Nadhani nilifuta macho. Masizi ya sharubu yakaniingia.

Kisha mama akateremsha sauti, ikawa ya kusikika mlangoni tu.

"Bwana mkubwa, kuna jingine. Nina binti yangu ameolewa na mwanaume mmoja wa kukaa nyumbani. Watu wa kwetu walinicheka. Nami nilikuwa na kinyongo naye, sikufichi. Leo nimefika kwake nimekuta pamefungwa. Jirani akaniambia, huyo hajatoka nyumbani tangu tumjue, leo ametoka kwa sababu mkewe ana shida kazini. Nikatembea njia nzima nalifikiri hilo. Baba yake huyu binti alikuwa mwanaume wa kutoka, mnada hadi mnada, Mungu amrehemu, na hakuwahi kunibebea hata ndoo. Ukimwona mwanaume huyo, mwambie nimeona." Akaugonga ubao wa mlango kwa kidole. "Na umwambie ajifunze kushona suruali."

Nikasema, "Nitamwambia."

Akainuka kwa kuguna kama alivyokaa. "Haya, mwanangu," akapaza sauti, "sasa piga."

Filimbi ikalia.

Mkuu wa shule hakusema mengi, si mtu wa mengi. Alimwambia Rhobi kelele zipungue, na notsi ziandikwe pia kwa sababu mtihani hauji na filimbi, halafu akamwomba aingize kadi zake kwenye azimio la kazi la muhula ujao ili walimu wengine waone zinavyofanyika. Rhobi aliniletea kanga stoo ananieleza hayo huku anacheka na kulia, nami nikaivaa kanga hiyo juu ya suruali, nikapita njia za mashambani mpaka nyumbani, na ndiyo maana wengine wanaapa waliona Mjerumani amevaa kanga kwenye mahindi ya watu. Hilo ni kweli. La punda ndilo la uongo.

Kosa la kumfunua mkwe haliachwi hivi hivi, hata lingefanyika mchezoni. Wiki iliyofuata nilimtuma kaka yangu mkubwa Busawe na mbuzi jike na blanketi, akaniombee radhi kwa taratibu zetu. Mama alipokea, alisamehe, akamlisha kaka yangu vizuri. Na tumerudi kama zamani: akija, mimi natokea nyuma, "shikamoo mama," "marahaba," ukuta katikati, wala sitaki iwe vinginevyo, hii heshima nimeilipia.

Funzo nimelipata na nawapa bure: ukiwekewa kiti, kaa. Nami nimeapa mbele ya Rhobi na cherehani yangu kwamba sitacheza Mjerumani, wala Mwingereza, wala Mwarabu, wala hata mti, maadamu ninaishi.

Ila kaka aliporudi kutoka Busawe alikuwa na ujumbe ambao alidhani hakuusikia vizuri, akaurudia mara mbili. Mama anauliza kipindi kingine cha historia ni lini. Anasema kuna mambo yeye hajamwambia bado yule mkubwa wa boma, na kwa mkwe wake hayasemeki.